Miaka 19 ya NBA: Mwaka mmoja chuoni unamjenga kijana au unamchelewesha?

Usiku wa Juni 25, 2009, jijini New York, jina la kijana wa Dar es Salaam lilitajwa la pili kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka huo. Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa tayari kijana wa sekondari, alichukuliwa na Memphis Grizzlies. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Nyuma yake walibaki akina James Harden, aliyeitwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyeitwa wa saba.

Jambo moja katika safari yake wazazi wengi hawakulitilia maanani siku ile. Thabeet alikuwa na miaka 22, na kabla ya usiku huo alikaa Chuo Kikuu cha Connecticut kwa misimu mitatu. Leo kijana anayetarajiwa kuitwa wa pili kukaa chuoni miaka mitatu ni jambo la nadra sana. Juni 2025, vijana wanane wa mwanzo kuitwa walikuwa wote wametoka kumaliza mwaka wao wa kwanza wa chuo.

Kilicholeta hali hiyo ni sheria fupi ya umri. Inamhusu mzazi wa Marekani anayemwangalia mwanawe akikua kuliko mlango wa nyumba, na inamhusu pia mzazi wa Dar es Salaam, Lubumbashi au Kampala ambaye mtoto wake ameanza kupigiwa simu na watu wanaojiita mawakala. Wengi huisikia sheria hii juu juu tu. Kuielewa vizuri kunaweza kuokoa fedha, muda na wakati mwingine maisha ya mtoto.

Sheria yenyewe inasema nini

NBA huwapokea wachezaji wapya mara moja kwa mwaka, katika siku ya uteuzi ambayo wenyewe huiita drafti. Timu huita majina kwa zamu, na nafasi zote kwa mwaka hazizidi 60. Ili kijana aruhusiwe kuingia, ni lazima awe ametimiza au atatimiza miaka 19 ndani ya mwaka huo wa kalenda. Kama amesoma Marekani, ni lazima pia mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake limalize sekondari. Kijana wa nje ambaye hajasoma Marekani anaweza kujiandikisha mwenyewe kuanzia mwaka anaotimiza miaka 19, na akifika 22 anahesabiwa moja kwa moja.

Hakuna mahali sheria hiyo inaposema kijana lazima aende chuo. Inasema asubiri tu. Lakini kwa miaka mingi chuo ndicho kilichokuwa chumba cha kusubiria chenye viwanja, makocha, televisheni na watazamaji, hivyo karibu wote wakaelekea huko.

Uzito wa sheria hii unaonekana kwa Cooper Flagg. Alizaliwa Desemba 21, 2006. Aliharakisha sekondari, akaingia Chuo Kikuu cha Duke akiwa na miaka 17, na Juni 2025 akaitwa wa kwanza na Dallas Mavericks akiwa bado na miaka 18, kwa sababu angefikisha 19 kabla mwaka haujaisha. Mshahara wake wa mwaka wa kwanza ulizidi dola milioni 13. Kama angezaliwa siku 11 baadaye, yaani Januari mosi, angelazimika kusubiri mwaka mzima zaidi, kwa uwezo uleule na urefu uleule.

Ilikotoka

Zamani kikwazo kilikuwa kikubwa zaidi. NBA haikumpokea mchezaji mpaka miaka minne ipite tangu darasa lake limalize sekondari, yaani muda wa kumaliza shahada. Aliyevunja ukuta huo ni Spencer Haywood, kijana kutoka Mississippi aliyelelewa na mama aliyefanya kazi ya kuchuma pamba. Alikuwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya 1968, alikuwa amekwisha kucheza kwa malipo katika ligi nyingine, na timu ya Seattle ilimtaka. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1971, akashinda. Hoja iliyowagusa wengi ilikuwa rahisi: kijana anayeweza kuitoa familia yake kwenye umaskini kwa kazi halali anazuiwa kwa faida ya nani?

Baada ya hapo mlango ukafunguka kidogo kidogo. Mwaka 1995 Kevin Garnett alitoka sekondari moja kwa moja hadi NBA. Mwaka uliofuata akaja Kobe Bryant, na mwaka 2003 LeBron James. Kati ya 1995 na 2005 vijana takribani 40 walipita njia hiyo. Majina hayo matatu ndiyo kila mtu anayakumbuka, na ndiyo yaliyofanya vijana wengi waamini kuwa chuo ni kupoteza muda.

Lakini kulikuwa na upande mwingine. Lenny Cooke alikuwa miongoni mwa vijana waliosifiwa sana Marekani nzima akiwa sekondari. Mwaka 2002 alijiandikisha kwa uteuzi wa NBA, na usiku ule ukaisha bila jina lake kutajwa. Akawa ameukosa mkataba, na mlango wa kuchezea chuo ukawa umefungwa. Aliishia kuzunguka katika ligi ndogo za nchi mbalimbali. Korleone Young, aliyechukuliwa na Detroit mwaka 1998, alicheza mechi tatu tu za NBA maishani mwake.

Mwaka 2005, NBA na chama cha wachezaji walipokubaliana mkataba mpya wa kazi, wakaweka kikomo cha miaka 19. Kamishna wa wakati huo, David Stern, alikuwa anataka 20. Timu zilikuwa zimechoka kutuma watu kwenye viwanja vya sekondari kukisia mtoto wa miaka 17 atakuwaje akiwa na 23. Mwaka mmoja zaidi uliwapa nafasi ya kumwona akicheza na wakubwa wenzake, kwa gharama ya mtu mwingine.

Sheria ilianza kazi mwaka 2006, mwaka uleule Thabeet alipoanza Connecticut.

Mwaka mmoja na kwaheri

Matokeo yalionekana haraka. Kevin Durant alicheza Chuo Kikuu cha Texas msimu mmoja, akaondoka 2007. Derrick Rose akafanya hivyo Memphis 2008. Mwaka 2012 Kentucky walitwaa ubingwa wa vyuo wakiongozwa na Anthony Davis, aliyekuwa mwaka wa kwanza, na miezi michache baadaye akaitwa wa kwanza kwenda NBA. Mwaka 2015 Duke nao walichukua kombe wakiwa na vijana watatu wa mwaka wa kwanza walioondoka wote pamoja.

Kwa vyuo, hiyo ilikuwa neema yenye karaha ndani yake. Walipata mastaa ambao bila sheria wasingewaona kabisa. Viwanja vilijaa, na mashindano ya kila Machi yaliendelea kuvuta fedha: mkataba wa televisheni wa mashindano hayo unaanzia 2025 hadi 2032 kwa wastani wa zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka. Lakini kocha alilazimika kujenga timu upya kila mwaka, na mtazamaji hakupata muda wa kumzoea mchezaji kabla hajaaga.

Kwa upande wa darasa, hali ilikuwa ngumu zaidi kutetea. Mashindano yanaisha mwanzoni mwa Aprili, uteuzi wa NBA ni Juni. Kijana anayejua anaondoka ana sababu gani ya kukesha akisomea mitihani ya Mei? Masomo yaliyotajwa kuwa sababu ya kumpeleka chuo yakawa kitu cha kutimiza masharti tu.

Na fedha hazikumfikia yeye. Februari 20, 2019, Zion Williamson wa Duke, kijana aliyekuwa gumzo la Marekani nzima, alianguka katika dakika ya kwanza ya mechi dhidi ya North Carolina. Kiatu chake kilipasuka, goti likateguka. Kwa bahati jeraha lilikuwa dogo, na miezi minne baadaye aliitwa wa kwanza kwenda NBA. Lakini usiku ule wazazi wengi walijiuliza swali moja: kama goti lingekatika kabisa, nani angeilipa familia? Watu walikuwa wametoa fedha nyingi kumtazama, chuo kilikuwa kimevuna, na yeye alikuwa na ada na chakula.

Wakati huo upelelezi wa FBI uliotangazwa Septemba 2017 ulikuwa umeshaonyesha kuwa fedha zilikuwa zikipita chini ya meza, kutoka kwa watu wa makampuni ya viatu na mawakala kwenda kwa makocha wasaidizi na familia. Tume iliyoongozwa na Condoleezza Rice, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, ilipotoa ripoti Aprili 2018 ilipendekeza kikomo cha 19 kiondolewe, ili kijana aliye tayari aende zake na anayekwenda chuo aende kwa hiari. NBA na chama cha wachezaji walilizungumza suala hilo kwa miaka kadhaa, lakini mkataba mpya wa 2023 ulisainiwa kikomo kikiwa palepale.

Waliopita pembeni

Wapo waliokataa kusubiri chuoni. Brandon Jennings alikwenda kucheza Roma, Italia, mwaka 2008, akalipwa, na mwaka uliofuata akaitwa wa kumi. LaMelo Ball alikwenda Australia, akaitwa wa tatu mwaka 2020.

NBA yenyewe ikaona bora ijenge njia yake. Mwaka 2020 iliunda timu ya vijana iliyoitwa Ignite ndani ya ligi yake ndogo, ikilipa mishahara mizuri vijana waliomaliza sekondari huku ikiwafundisha maisha ya kulipwa. Jalen Green alipita hapo na kuitwa wa pili mwaka 2021. Wengi wakasema mpira wa vyuo umepata mshindani wa kuumaliza.

Baada ya msimu wa 2023/24, Ignite ikafungwa. Haikufungwa kwa sababu ya sheria ya umri. Vyuo ndivyo vilivyokuwa vimeanza kulipa zaidi.

Fedha zilivyogeuza mambo

Julai 1, 2021, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kiliruhusu wachezaji kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao: matangazo, mikataba, sahihi kwenye jezi. Juni 2025 mahakama ikapitisha makubaliano makubwa zaidi, yanayoruhusu chuo chenyewe kugawana mapato na wachezaji wake wa michezo yote, kwa kikomo cha takribani dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Zaidi ya hapo, mchezaji sasa anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima kama zamani, na hivyo kila mwaka kuna soko.

Sasa hesabu ya familia imebadilika. Kijana aliyetarajiwa kuitwa wa 45 zamani alikimbilia NBA kwa sababu chuoni hakuna mshahara. Leo nafasi ya 45 haimhakikishii mkataba wowote, wakati chuo kinaweza kumlipa vizuri na kumpa mwaka mwingine wa kukua. Mwaka 2021 zaidi ya vijana 350 walijiandikisha mapema kwa uteuzi wa NBA. Mwaka 2025 waliojiandikisha walikuwa takribani 100 tu.

Kwa hiyo sheria ya umri leo inawashika vijana wachache mno, pengine kumi kwa mwaka, walio tayari kweli wakiwa na miaka 18. Wengine wote wanabaki chuoni kwa sababu ya fedha. Mjadala wa miaka 20 kwamba vyuo vitakufa NBA ikifungua mlango umepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kikomo kikishuka hadi 18, vyuo vitapoteza mastaa wachache wa kila mwaka, lakini maelfu watabaki, na watabaki muda mrefu zaidi kuliko zamani.

Mtoto wa kigeni hayuko sawa

Hapa mzazi wa Afrika Mashariki na Kongo asome taratibu, kwa sababu fedha zinazotajwa kwenye habari si lazima zimfikie mtoto wake.

Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi. Mwaka 2022, akiwa Kentucky, alitajwa mchezaji bora wa vyuo wa Marekani nzima, kisha akaamua kurudi chuoni msimu mwingine, jambo ambalo wenye tuzo hiyo kwa miaka mingi hawakulifanya. Fedha za matangazo zilikuwa zinamsubiri. Lakini alikuwa na viza ya mwanafunzi, na viza hiyo inabana sana kazi za malipo ndani ya Marekani. Timu yake ilipokwenda ziara Bahamas Agosti 2022, aliitumia nafasi ya kuwa nje ya ardhi ya Marekani kufanya kazi hizo. Mwenzake Mmarekani aliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi hakuhitaji kuvuka bahari. Mwaka 2023 jina la Tshiebwe halikutajwa katika uteuzi, akaingia NBA kwa mikataba midogo, kwanza Indiana kisha Utah.

Kisa cha pili ni cha Khaman Maluach. Alizaliwa Sudan Kusini, akakulia Kampala baada ya familia yake kukimbia vita. Alianza mpira wa kikapu mwaka 2019, akaingia kituo cha vijana cha NBA nchini Senegal, akacheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, na mwaka 2024 akaivalia nchi yake jezi ya Olimpiki mjini Paris akiwa na miaka 17. Akaenda Duke mwaka mmoja, na Juni 2025 akaitwa wa kumi, machozi yakimtoka jukwaani.

Katikati ya mafanikio hayo kuna siku ambayo mzazi hapaswi kuisahau. Aprili 5, 2025, siku Duke walipokuwa wakicheza nusu fainali ya taifa, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza za wenye pasi za Sudan Kusini kwa sababu ya mvutano wa kidiplomasia. Kijana alikuwa uwanjani, na hati yake ya kuwepo nchini ikawa mjadala wa magazeti. Kwa mtoto wa kigeni, umri ni kikwazo kimoja tu. Pasi na viza ni vingine, na havitegemei kipaji.

Mabinti nao wana somo

Ligi ya wanawake, WNBA, ina sheria kali zaidi. Kwa mwaka huo wa 2024, binti aliyesoma Marekani alitakiwa atimize miaka 22 ndani ya mwaka husika, au awe amemaliza shahada, au miaka minne iwe imepita tangu amalize sekondari. Kwa wa nje kikomo kilikuwa 20.

Matokeo yake ni kwamba mabinti hukaa chuoni hadi watu wanawajua kwa majina, familia na tabia. Caitlin Clark alicheza Iowa miaka minne. Aprili 2024 fainali ya vyuo ya wanawake kati ya Iowa na South Carolina ilitazamwa na watu karibu milioni 19 nchini Marekani, wakati fainali ya wanaume wiki hiyohiyo ilitazamwa na karibu milioni 15. Kwa wanaotetea kuwabakiza vijana chuoni, hiyo ni hoja nzito: mchezo hunoga mtazamaji anapomfuata mchezaji kwa miaka.

Lakini mzazi wa binti ana hoja pia. Clark alipoingia WNBA mwaka huo, mshahara wake wa mwaka wa kwanza ulikuwa dola 76,535 tu. Fedha zake kubwa zilitoka kwenye matangazo, aliyoanza kuyapata akiwa chuoni. Kwake miaka minne ya kusubiri ilimjengea jina. Kwa binti asiye na jina kubwa kama hilo, cha kushika baada ya miaka minne ni shahada.

Mtoto wa 18 uwanjani na mtu wa 23

Kuna badiliko jingine lisilozungumzwa sana nyumbani. Kwa kuwa vyuo vinalipa, wakubwa hawaondoki, na wengine wanarudi. Desemba 2025 Chuo Kikuu cha Baylor kilimsajili James Nnaji, Mnigeria aliyekuwa amecheza kwa malipo Ulaya na kuitwa katika uteuzi wa NBA wa 2023. Makocha kadhaa walilalamika waziwazi.

Wanachosahau wengi ni kijana wa sekondari. Kocha mwenye fedha na nafasi 15 za wachezaji akipewa kuchagua kati ya mtoto wa miaka 18 na mtu wa miaka 23 aliyekomaa misuli, mara nyingi atamchukua wa 23. Mtoto wa kawaida, mzuri lakini si wa ajabu, ndiye anayekosa mlango. Sheria ya NBA inamwambia "wewe bado mdogo", na sasa chuo nacho kinaanza kumwambia hivyohivyo.

Mkataba wa sasa wa NBA na wachezaji unaweza kufika msimu wa 2029/30. Suala la umri likirudi mezani, litarudi katika hali hii mpya, ambapo vyuo vinahitaji zaidi utaratibu wa nani acheze na kwa miaka mingapi kuliko vinavyohitaji ulinzi dhidi ya NBA.

Mzazi aanzie wapi

Mzazi aliye mbali hawezi kubadili sheria hizi. Anaweza kujipanga. Mambo machache yanasaidia.

Cheti cha kuzaliwa kiwe cha kweli na kiwe tayari. Kwenye mchezo ambao siku 11 zinaweza kuhamisha mwaka mzima, tarehe ya kughushi ni bomu. Kumpunguzia mtoto umri kunaweza kuonekana msaada akiwa na miaka 15, kisha kukafuta viza, ufadhili na jina lake akiwa na 20.

Masomo ya sekondari yahesabiwe mapema. NCAA inadai masomo ya msingi 16 na wastani usiopungua 2.3 kwa ngazi ya juu ya vyuo. Mtoto aliyekimbizwa kutoka shule moja hadi nyingine kwa ajili ya mpira anaweza kufika na urefu wote lakini matokeo hayatoshi. Vyuo pia huangalia muda tangu kijana alipomaliza sekondari, kwa hiyo miaka ya kukaa nyumbani "akisubiri bahati" inaweza kumgharimu.

Mwaka mmoja wa kulipwa popote uulizwe kabla ya kusaini. Kila mkataba, hata wa timu ndogo, unaweza kugusa haki ya kucheza chuo. Karatasi isomwe na mwanasheria anayelipwa na familia. Mwanasheria wa wakala ni wa wakala.

Chuo kiulizwe maswali ya moja kwa moja. Mtoto akiumia msimu wa kwanza, ufadhili unaendelea? Nani analipa matibabu? Akiondoka baada ya mwaka mmoja, anaweza kurudi kumaliza masomo kwa gharama ya chuo? Kwa viza yake, fedha ipi hasa anaruhusiwa kupokea? Kocha akihama, ahadi zinabaki kwa nani? Majibu yawe kwa maandishi.

Na wakala anayedai fedha mapema ili "amuunganishe" mtoto na NBA aulizwe jambo moja tu: kati ya nafasi zisizozidi 60 za dunia nzima, anauza ipi?

Njia moja ya kukumbuka

Thabeet alikaa chuoni miaka mitatu, akatajwa mara mbili mlinzi bora wa kanda yake ya vyuo, na bado NBA haikuwa rahisi: katika msimu wake wa kwanza alishushwa ligi ndogo kwa muda, na mechi zake za NBA ziliishia 2014. Kobe hakukaa chuoni hata siku moja, akacheza miaka 20. Umri peke yake hautabiri.

Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa kwenda Chuo Kikuu cha Georgetown kwa ufadhili wa masomo, nia yake ikiwa kusomea udaktari. Mpira ulimkuta hukohuko. Aliondoka 1991 akiwa na shahada ya isimu na diplomasia, akaitwa wa nne kwenda NBA akiwa mtu mzima wa miaka 25. Alicheza hadi 2009. Udaktari hakuupata, lakini mwaka 2007 hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake, Biamba Marie, ilifunguliwa Kinshasa. Alifariki Septemba 30, 2024. Wagonjwa wanaendelea kupokewa katika hospitali hiyo.